Mwongo wa Mia na Ishirini

Bi Rukiza alipanda ngazi za kituo chetu cha hali ya hewa
na daftari ndani ya mfuko wa sembe,
akauliza, salamu hata haijatulia:
"Kaskazi ya zamani ilikuwa hii hii?"

Kazi yangu ni kusoma vikombe vitatu
vinavyozunguka juu ya mlingoti:
noti ngapi, kutoka wapi,
saa tatu, saa sita, saa tisa.
Sijawahi kuulizwa na mtu mwenye kesi.

Kesi yenyewe ni kiwanja cha Chumbageni
na mwanamke aitwaye Mize, aliyekufa
kabla Mjerumani hajatandika reli.
Mumewe, Mbwana Kheri, aliondoka na kusi
na shehena ya boriti za mikoko.
Akarudi, lasema daftari,
kwa herufi za Kiarabu zilizoliwa na mchwa pembeni,
mwongo wa mia na ishirini.
Mtoto kazaliwa mwongo wa thelathini, mwaka uliofuata.
Hesabu kwa vidole: miezi tisa,
na siku chache za kupumulia.

Lakini wakwe nao wana vidole.
Toka Nairuzi ya Julai, siku mia na ishirini
zinakutupa katikati ya Novemba.
Novemba! Hapo Tanga ni tanga mbili,
upepo haujui uvae nguo gani,
moshi wa saruji wa Pongwe umesimama wima
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.
Nani atoke Arabuni afike kwa hewa hiyo?
"Basi mwongo huo," wakasema barazani, "ni mwongo,"
wakacheka, maana lugha imewasaidia.
Na waliotoka kwa yule mtoto
watoke na kiwanjani.

Nilichukua penseli.
Nairuzi haina mwaka mrefu.
Kila mwaka huangusha robo ya siku
kama mfuko uliotoboka,
na kila mwaka wa nne siku nzima imelala njiani
pasipo mtu wa kurudi kuiokota.
Kwa miaka mia na hamsini
imerudi nyuma mwezi na siku saba.
Nairuzi ya Mize ilikuwa Agosti inayokwisha,
na mia na ishirini yake ni Desemba,
mivinje ya Raskazone imekwisha kuinama.
Upepo haukuhama.
Kalenda ndiyo iliyoteleza chini yake.

Bi Rukiza alifungua fundo la kanga, akalifunga tena.
Hamkuwa na kitu ndani.

Ningeishia hapo.
Lakini nilivuta majedwali yetu kabatini,
na kwa wastani wetu, kaskazi hushika
siku nne baada ya ile aliyofika Mbwana Kheri.
Siku nne.
Nilizikokotoa upya. Zilikataa kuondoka.

Halafu nikatazama mwaka juzi: ilitangulia siku tisa.
Mwaka jana ilichelewa kumi na sita,
na Krismasi nzima vikombe havikugeuka.
Ikiwa upepo wa jana na wa juzi hawajuani,
nitauapia vipi ule wa Mize?
Wastani ni mtu anayetajwa na wote,
hakuna aliyepata kumpa mkono.

Nikamwandikia barua ya kituo, yenye muhuri:
Inawezekana.
Alilisoma neno hilo mara mbili,
akauliza kama siwezi kuongeza "kabisa".
Nikasema siwezi.
"Mize angeongeza," akasema,
bila hasira, kama anayetaja bei ya chumvi,
akarudisha daftari mfukoni, akateremka.

Mezani pangu palibaki unga kidogo.
Mlango wa chini ulipofunguliwa
uliinuka, ukaelekea kusini-magharibi,
mstari mwembamba juu ya karatasi zangu.
Ilikuwa saa tisa kasoro.
Sikusubiri vikombe.
Niliuandika.